Mkwe kutoka Nchi Isiyo na Jeshi

Bi Herlinda alipita nyumba kwa nyumba kutuagiza kwamba kwa siku tatu zijazo, mtaani kwetu Las Acacias hakuna mtu aliyewahi kupigwa risasi.

"Hata yule wa juzi?" akauliza Chente, jirani yetu mwenye teksi.

"Yule aliugua."

"Aliugua nini?"

"Tumbo, Chente. Aliugua tumbo. Usinitie wazimu."

Tulimwelewa. Bi Zoraida, mama yake Olman, alikuwa anakuja kutoka Cartago, huko Kosta Rika, kuangalia mahali mwanawe wa pekee alikooa. Nineth, binti wa pekee wa Bi Herlinda, alikuwa na mimba iliyoonekana hata ukimtazama kwa nyuma, na Bi Zoraida alikuwa amesema kwa simu, bila kuzungukazunguka, kwamba akikuta Jiji la Guatemala ndilo lile linalotangazwa kwenye televisheni, atawachukua wote wawili mjukuu akazaliwe Cartago. Na Olman, mwoka mikate, kijana mpole kupita kiasi, hakuwahi kumkatalia mama yake kitu tangu aachishwe ziwa. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu: mgeni asiogope. Akiogopa, Bi Herlinda anabaki na nyumba tupu na picha za mjukuu kwenye simu.

Alijiandaa kama anayengojea ukaguzi wa serikali. Duka lake la tortilla lilikuwa na nondo kutoka juu hadi chini, kama maduka yetu yote. Mteja hupitisha pesa katikati ya vyuma na kupokea chapati zake za mahindi papo hapo. Bi Herlinda akazifunga nondo hizo maua ya plastiki mpaka duka likafanana na kaburi la tajiri.

"Akiuliza nondo ni za nini," akamwambia mumewe, "mwambie ni za kupandishia maua."

"Maua ya plastiki hayapandi, Herlinda."

"Wewe mwambie. Na akikuuliza kazi yako?"

Mzee Rigoberto akavuta pumzi. "Nipo duka la dawa."

"Vizuri. Ishia hapo hapo."

Kweli alikuwepo duka la dawa. Alikuwa mlangoni, na bunduki.

*

Mvua ilikuwa inanyesha walipomtoa uwanja wa ndege kwa teksi ya Chente. Bi Zoraida alikuwa mwanamke mfupi, wa mviringo, nywele zimesukwa na saluni zikasukika, na shingoni alining'iniza filimbi ya refa. Kila alipojisogeza kitini alitoa mlio wa karatasi, maana noti zake alikuwa amezigawa: nyingine kwenye soksi, nyingine kwenye sidiria, nyingine mahali ambapo sisi hatupajui.

"Filimbi ya nini, mkwe?" akauliza Bi Herlinda kwa tabasamu.

"Ya kuitia polisi."

"Aa! Polisi wetu hawana haja ya kuitwa," alisema Mzee Rigoberto, na hapo hakudanganya, maana hata ukiwaita hawaji.

Walipofika mlango wa mtaa, Chente akafanya anachofanya kila siku bila hata kufikiri. Akateremsha vioo vyote na kuwasha taa ya ndani. Mvua ikaingia yote na kumkalia Bi Zoraida mapajani.

"Dereva! Mvua!"

"Naam, mama. Mvua ya baraka."

"Funga kioo basi!"

"Ni hewa, mkwe," Bi Herlinda akarukia. "Hewa yetu ikishanyeshewa huwa tamu sana. Vuta, uone."

Bi Zoraida akavuta hewa, akakohoa. Pembeni, chini ya kibanda cha bati, vijana walikuwa wamekaa. Walimtazama kila mmoja usoni, taratibu, kama wanaochagua nyanya, kisha wakatazama pengine.

"Wale wanaangalia nini?"

"Wanakukaribisha," alisema Mzee Rigoberto, akawapungia mkono. Hakuna aliyempungia.

Mezani mambo yalikwenda vizuri mwanzoni. Kuku alikuwa ndani ya mchuzi mzito wa ufuta na mbegu za maboga, na mgeni aliongeza mara ya pili huku akieleza jinsi Cartago mtu anavyoacha baiskeli yake nje na kuikuta.

"Sisi hatuna hata jeshi," alisema. "Tulilifuta zamani sana. La nini?"

"Mna bahati, mkwe," alisema Bi Herlinda, ambaye alikuwa akiisikia habari ya jeshi kwa mara ya tatu tangu uwanja wa ndege.

Ndipo huko nje kitu kikalia: pa!

"Mlango!" alisema Bi Herlinda.

"Pikipiki!" alisema Mzee Rigoberto.

"Radi!" alisema Nineth.

Walisema kwa pamoja, kwa sauti moja ya furaha, na mdomo wa Olman ukabaki wazi kwa sababu visingizio vilikuwa vimekwisha. Bi Zoraida akaweka kijiko chini.

"Ni kipi kati ya hivyo?"

"Vyote, mama," akasema Olman. "Huku huwa vinakuja pamoja."

*

Usiku huo Bi Zoraida hakulala, na asubuhi kichwa kikamgonga. Akasema hataki kuletewa dawa. Atakwenda mwenyewe kwenye duka la dawa la mkwe wake, akahudumiwe na ndugu. Nineth akasema duka liko mbali. Olman, aliyekuwa hajui kusema uongo kabla ya saa nne, akasema liko karibu.

Njiani Bi Zoraida aliona mlinzi mwenye bunduki kwenye duka la aiskrimu. Akaona mwingine amekaa juu ya lori la mayai. Kila mara alimbana Nineth mkono na kusema, "Mayai, mwanangu! Wanalinda mayai!" Nineth alicheka kicheko chembamba na kuomba Mungu baba yake awe ametumwa mahali, awe amekwenda haja, awe hata ameugua tumbo.

Hakuwa ameugua. Alikuwa amesimama mlangoni kwa kofia iliyomzidi kichwa na bunduki iliyokaribia kumzidi urefu, na kwenye mtutu kulikuwa na mwavuli wa mteja fulani, ameutundika hapo ukauke. Bi Zoraida hakuona mwavuli wala uso. Aliona bunduki, inamgeukia. Akaweka filimbi mdomoni akaipuliza kwa nguvu zote za nchi isiyo na jeshi.

Barabara nzima ikainama. Muuza ndizi akalala juu ya ndizi zake. Mlinzi wa aiskrimu akajificha nyuma ya koni kubwa ya plastiki. Na Mzee Rigoberto, aliyekuwa hajawahi kufyatua kitu chochote maishani isipokuwa fataki, akainua mikono yake yote miwili juu akiwa na bunduki na mwavuli humo humo.

"Mkwe?" alisema Bi Zoraida.

"Mkwe," alisema Mzee Rigoberto.

Akajaribu kuificha bunduki nyuma ya mgongo. Mtutu ukachomoza juu ya kofia, na mwavuli ukafunguka wenyewe.

Ingekuwa ya kuchekesha mpaka mwisho kama mwenye duka asingetoka. Alikuwa kijana mwenye koti jeupe, umri wa Olman, na alisema kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia: "Rigoberto! Mara ngapi nimekwambia ndugu zako wasije kukutembelea? Hapa kazini? Ukishindwa kazi sema, wenye shida ni wengi."

"Samahani, bosi."

"Mwavuli huo ni wa nini? Wewe ni mlinzi au kiango cha nguo?"

"Samahani, bosi."

Mzee Rigoberto alisema hivyo huku ametazama viatu vyake. Bi Zoraida akanunua vidonge, akapita mbele ya mkwe wake kurudi nje, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Nineth alilia njia nzima na kusingizia ujauzito.

Jioni, mezani, Bi Zoraida akasema.

"Mngeniambia tu ukweli."

"Ukweli upi, mkwe?" Bi Herlinda bado alijaribu.

"Kwamba hapa hata dawa ya kichwa inalindwa na bunduki. Kwamba yale maua nje yamefungwa kwenye nondo za jela. Mimi si mtoto. Sina ubaya na nyinyi, mmenilisha vizuri. Lakini mjukuu wangu hatazaliwa hapa. Kesho kutwa naondoka, na Olman na Nineth watanifuata mwisho wa mwezi. Nauli nitalipa mimi."

Olman akatazama sahani yake. Nineth akasema, "Mama," na hata yeye mwenyewe hakujua anamwita yupi.

*

Jikoni Bi Herlinda alilia bila sauti, akipiga tortilla za kesho viganjani, pa pa pa, na machozi yakaingia kwenye unga. Mzee Rigoberto akaja akasimama mlangoni. Hata nyumbani mlango ndio ulikuwa mahali pake.

"Kesho ni siku yake ya kuzaliwa," alisema. "Olman aliniambia tangu wiki iliyopita."

"Basi?"

"Basi nilikwisha kununua."

Bi Herlinda akapiga tortilla nyingine, kwa hasira. Halafu akafuta pua kwa bega. "Washa. Asije akafika kwao akasema tulimwacha aamke siku yake kama yatima."

Kwetu anayetimiza mwaka huamshwa alfajiri kwa mkanda wa fataki mlangoni pake, mrefu unavyoweza kununua, kisha majirani wanaingia na gitaa na chokoleti ya moto. Asiyewashiwa anajua kabisa kwamba hapendwi. Ni desturi iliyotuingia mwilini kama kupiga mswaki. Kwa hiyo watu wale wale waliokaa siku mbili wakiuita kila mlio mlango, pikipiki na radi, walikubaliana jikoni, kwa moyo mweupe, kumlipulia mgeni fataki dirishani kabla jua halijatoka. Na mtaa mzima tulipoalikwa, tulisema ndiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Naapa.

Tulikusanyika gizagiza, tukizuiliana kicheko. Chente alibeba gitaa, mke wake birika la chokoleti, wengine mikate mitamu. Mzee Rigoberto akautandaza mkanda kutoka dirisha la mgeni mpaka kwenye maua ya plastiki, akapiga kiberiti.

Jamani, zililia! Zililia mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakalalamika. Moshi ukajaa, maua matatu ya plastiki yakayeyuka, na sisi tukaingia ndani kwa shangwe tukiimba, tukafungua mlango wa chumba cha mgeni. Kitanda kitupu. Tukachungulia mvunguni. Patupu.

"Ameruka dirisha," alisema Chente, na gitaa likanyamaza.

Ndipo tukasikia filimbi chumba cha Nineth. Ililia kidogo kidogo, kwa kila pumzi. Bi Herlinda akasukuma mlango, nasi sote tukabanana nyuma yake.

Olman alikuwa amekaa pembeni na shuka. Nineth alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Juu yake kulikuwa na godoro, na juu ya godoro, katika gauni la kulalia, mikono na miguu imetandazwa kufunika kila kona, alikuwa Bi Zoraida, macho ameyafumba, filimbi mdomoni. Alikuwa amelikimbia dirisha lake, akakatiza sebule gizani katikati ya ile milio, badala ya kujificha, akaenda kuulalia ujauzito ule kwa mwili wake wote.

Bi Herlinda aliona hilo. Akaliweka chini birika la chokoleti alilopokezwa.

"Mkwe," alisema taratibu. "Ni siku yako ya kuzaliwa."

Bi Zoraida akafungua jicho moja. Akatuona sote: gitaa, mikate, Mzee Rigoberto na kiberiti chake. Filimbi ikamtoka.

"Wameuawa wangapi?"

"Hakuna, mama," ilisema sauti ya Nineth kutoka chini ya godoro. "Ni fataki. Ni zako. Kwetu ndivyo tunavyompenda mtu." Na godoro likaanza kutikisika, maana Nineth alikuwa hana mbavu kwa kicheko, na Bi Zoraida aliyekuwa juu akatikisika nalo, mwanzoni bila kupenda. Kisha naye akacheka. Akacheka mpaka akalia, na alipolia ikawa kilio kweli, cha mtu mzima.

"Tangu mume wangu afariki," alisema, "hakuna aliyeniamsha siku yangu. Olman hutuma ujumbe, na mimi huusoma nikishakunywa kahawa." Olman akajifunika shuka.

*

Siku ile haikuwa na kichwa wala miguu. Tulikunywa, tukala tamale, ule unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani ya mgomba, tukacheza. Bi Zoraida alicheza na kila mtu, na kadiri alivyocheza noti zikaanza kumdondoka, ya soksini, ya sidiria, na zile za mahali tusipopajua. Tukaziokota uani na jikoni, tukamrudishia zote. Alizipokea bila kuzihesabu, akazitia kwenye bakuli la mikate, na tukaliona hilo, tukacheza kwa nguvu zaidi.

Chente alipokwisha kumsimulia habari ya yule wa tumbo, Bi Zoraida akaenda kukaa karibu na Mzee Rigoberto.

"Ile bunduki, mkwe. Ina risasi kweli?"

"Wanasema ipo."

"Na yule kijana wa koti jeupe, siku moja ukimpiga teke mimi nitakuwa shahidi wako. Nitasema aliugua tumbo."

Mzee Rigoberto akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Sasa niambieni ukweli. Vile vioo vya gari, wakati wa mvua?"

Nineth ndiye aliyejibu. "Ni wale vijana wa pembeni, mama. Wanataka kuona sura ya anayeingia. Wakikujua, unapita. Gari likifungwa vioo, hawajui ni nani."

"Na duka wanawalipisha?"

"Kila wiki," alisema Bi Herlinda. "Ndiyo. Na bado tunaishi."

Adhuhuri mkanda wa pili ulipotandazwa Bi Zoraida akaomba kiberiti, akauwasha mwenyewe, akakimbia kwa ndala akipiga kelele kama msichana. Lakini kuhusu mwisho wa mwezi hakusema lolote. Na Bi Herlinda, kila alipomtazama akicheka, alipata maumivu mawili, kwa sababu sasa hakuweza hata kumchukia.

*

Uwanja wa ndege waliagana wakakumbatiana. "Mwisho wa mwezi, basi," Olman alijikaza kusema, na mama yake akamshika shavu, akapita kwenye ukaguzi na begi lake. Bi Herlinda akajikaza kisabuni mpaka mgongo wa mkwe ulipopotea.

Hawakufika hata kwenye teksi. Askari kijana alikuja mbio, anauliza ndugu za mama wa Kosta Rika. Wakapelekwa kwenye chumba kidogo. Bi Zoraida alikuwa amekaa wima kati ya wanajeshi wawili wenye bunduki, na mezani mbele yake, umekunjwa vizuri ndani ya soksi za sufi, ulikuwa mkanda wa fataki.

"Mnamfahamu huyu?" aliuliza ofisa. Alikuwa anajitahidi sana asicheke.

"Ni mkwe wetu," alisema Mzee Rigoberto. "Ni mtu salama. Kwao hawana hata jeshi."

"Naona ameanza kuliunda."

Bi Herlinda akamwinamia. "Mkwe! Za nini hizi? Umezitoa wapi?"

"Nimenunua kwa mke wa Chente." Bi Zoraida hakuinua macho. "Ni za mtoto. Atakapozaliwa kule, nani atamwashia? Kwetu watu huzaliwa kimya kimya. Sikutaka aje duniani afikiri hapendwi."

Bi Herlinda akamshika mkono. Tangazo la mwisho la ndege ya San José, ile ya Kosta Rika, likasikika nje.

"Zikiachwa hapa, unaondoka, mama," alisema ofisa. "Sitaandika chochote."

"Na kwenye sanduku kubwa haziruhusiwi?"

"Haziruhusiwi."

"Nikizifunga vizuri?"

"Mama, hata ukizifunga na baraka za askofu. Hizi hazipandi ndege."

Bi Zoraida akauangalia mkanda. Akamwangalia Nineth, tumbo lake, halafu Bi Herlinda aliyekuwa bado amemshika mkono. Nje kipaza sauti kiliita jina lake, kikaita tena.

"Basi hazipandi," alisema. "Itabidi mtoto azaliwe zilipo."

Chente anasema alilazimika kusimamisha teksi mara mbili njiani kwa sababu Bi Herlinda alikuwa anambusu mkwe wake na kumzibia kioo cha nyuma. Olman alilia, Nineth akamwambia ni ujauzito. Na mvua ikaanza tena, ile ya mchana, nzito. Walipokaribia mlango wa mtaa, Chente akanyoosha mkono kwenye kitufe, lakini kioo cha nyuma kilikuwa kimeshateremka. Bi Zoraida alikuwa ametoa kichwa chote nje, nywele za saluni zimemlowa chepechepe, anawaelekezea uso vijana wa kibandani.

"Tazameni vizuri!" aliwapigia kelele. "Nakaa hapa mpaka azaliwe!"